Nilipanda Jukwaani Kumshusha Mama

Uvumi wenyewe niliupata kazini, katika chumba cha kufulia, mikono yangu imo ndani ya mashuka yaliyotoka mashineni. Aliyeniletea ni Damyanti, shoga yangu, Mhindi aliyezaliwa Unguja kama mimi. Tunafanya kazi pamoja katika nyumba ya kulelea wazee hapa Croydon. Damyanti akiwa na neno halitoi mara moja. Hulizunguka kama paka na samaki wa moto.

"Mama Sheikha, Bi Zainab hajambo?"

Bi Zainab ni mama yangu mzazi. Naishi naye, mimi na binti yangu Sheikha, toka baba alipofariki.

"Hajambo. Leo kaenda Hayes kumtazama mgonjwa."

"Mgonjwa gani huyo?"

"Bi Gaudensia, yule mama wa Bukoba, jirani yake wa zamani Dar es Salaam."

"Na Jumapili iliyopita alikwenda wapi?"

"Kwa Bi Gaudensia."

"Na ile ya nyuma yake?"

"Damyanti, sema unachotaka kusema, mashuka yanapoa."

Akakunja foronya, akaikunjua, akaikunja tena. "Wifi yangu Bharti kamuona. Yupo ukumbini Hayes, kasimama jukwaani, kashika maikrofoni, anaimba zile nyimbo za Kimarekani za zamani, za dansi la polepole. Na mzee mmoja anampigia piano. Na watu wanasema..."

"Wanasema nini?"

"Wanasema yule mzee haangalii piano."

Nilicheka. Wallahi nilicheka. Mama yangu anakaribia sabini, ana sukari, ana magoti yanayolia akipanda ngazi. Nani wa kumtazama? Lakini lile neno halikunitoka. Nikapanda nalo tramu, nikaosha nalo mchele, nikalala nalo. Na jicho likishaambiwa, huona. Nikamwona mama anachambua dengu huku midomo inamcheza. Nikamwona kapaka wanja Jumatano, siku ambayo haendi popote. Asubuhi moja nikamkuta kasimama mbele ya dirisha la jikoni, mkono kifuani, anavuta pumzi ndefu, anaizuia, anaitoa taratibu.

"Mama, kifua kinakubana? Nimpigie daktari?"

"Sina kitu. Napumua tu. Au siku hizi kupumua nako kunaombewa ruhusa?"

Nilijua, kwa kusikia kwa watu, kwamba kabla hajaolewa mama aliwahi kuimba na bendi katika hoteli moja ya Dar. Baba yangu, Bwana Abdulwakil, Mungu amrehemu, alimuoa kwa sharti moja: jukwaa basi. Mama akaacha. Kwetu hakuimba hata kutubembeleza. Alitupigapiga mgongo kimya kimya mpaka tukalala. Mimi nikadhani nyimbo zimemtoka. Mtu akiacha kitu miaka yote ile, si kaacha?

Kaka yangu Ameir, aliyeko Maskati, akapiga simu. Uvumi ulikuwa umeshamfikia. Uvumi hauombi viza.

"Wewe ndiye unayekaa naye," akaniambia. "Ukimwachia, maana yake umeridhia wewe. Mimi watu nitawaambia nini?"

"Watu gani, Ameir?"

"Watu!"

Akakata simu. Ndivyo alivyo kaka yangu. Aibu ni yake, kazi ya kuizuia ni yangu.

Jumapili ikafika. Mama kavaa koti lake la kijani, kajifunga mtandio vizuri kabisa, anatafuta glavu.

"Naenda kwa mgonjwa."

"Hajapona tu?"

"Leo afadhali, kesho taabani. Ndiyo maradhi, mwanangu."

"Mgonjwa gani huyu, mama, haponi wala hafi? Haya, mchukulie supu." Nikamtilia thamosi nzima. Akaipokea bila hata kupepesa jicho, akashukuru, akaenda zake.

Alipokata kona nikamfuata, na Sheikha nikamvuta twende wote. Sheikha kazaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote, lakini akiudhika hujibu Kiingereza.

"Mum, leave her alone," akawa ananiambia njia nzima, treni kwa treni. "Bibi si mtoto."

"Mtoto ningejua anakokwenda. Huyu bibi yako ndiye sijui."

Mlangoni pa ukumbi wa Hayes alikaa mama mmoja mnene, mashavu yanang'aa kwa afya, anakunywa supu yangu.

"Bi Gaudensia?"

"Ee, mwanangu! Karibu! Supu imekolea ndimu hii, Mungu akubariki."

"Nimeambiwa unaumwa."

"Naumwa, mwanangu," akasema bila haya hata kidogo. "Kila Jumapili, mpaka ukumbi ufungwe."

Sheikha akaangua kicheko. Nikamkata jicho, nikaingia ndani kwa hasira. Na hapo ndipo nilipoisikia ile sauti.

Ilikuwa sauti nzito, imetulia, haikimbilii popote. Ilipanda kidogo, ikakaa hapo juu kama mtu aliyekaa kizingitini hajui aingie au aondoke, kisha ikateremka. Nikaangaza macho kumtafuta mwenyewe. Alikuwa mama. Hilo liliniudhi kuliko uwongo wa mgonjwa. Ile ni sauti ya mama yangu mzazi, aliyenibeba tumboni, na mimi sikuijua.

Alikuwa amesimama katikati ya jukwaa, koti kalivua, kavaa gauni refu la rangi ya zabibu ambalo sijapata kuliona. Magoti hayalii. Mgongo umenyooka. Na kwenye piano alikaa mzee mwembamba, kofia ya kiua, ile ya kushonwa kwa mkono, kichwani, tai shingoni. Vidole vyake vinatembea vyenyewe. Macho yake yako kwa mama. Damyanti alisema kweli, yule mzee hakuangalia piano hata mara moja. Mama akivuta pumzi, yeye anangoja. Mama akifumba macho, yeye anapunguza. Mama akageuka, wakatazamana, na katika kutazamana kule sikuwamo mimi, hakuwamo baba yangu, hawakuwamo watu wale waliojaa ukumbini. Nikahisi uso unaniwaka kama niliyechungulia chumba cha watu.

"Ni Mzee Mwadini huyo," Bi Gaudensia akaninong'oneza. "Mpemba. Walikuwa bendi moja Dar. Yeye ndiye aliyemfundisha maneno ya nyimbo hizi, moja baada ya moja, kutoka kwenye santuri. Alitaka kumposa wakati ule, babu yako akakataa. Akasema mpiga piano si mume, ni kelele."

"Babu alikuwa na akili."

"Babu yako alikuwa na binti mmoja tu mwenye sauti ile, akampeleka akanyamaze," akanijibu. "Mimi nilikuwa jirani, mwanangu, nilimsikia aliponyamaza."

Sikutaka kusikia zaidi. Nilitaka mama ashuke, avae koti, twende nyumbani kabla Ameir hajapiga simu tena. Lakini mtu akiimba unamshushaje? Kumpigia kelele siwezi, ningejiaibisha mwenyewe. Watu wa kwetu walikuwa wamejaa, Waunguja, Wapemba, Wahindi wa Dar na wa Nairobi, wote wazee, vikombe vya chai mkononi. Ndipo nikapata hila. Nikajiambia, nitakwenda kumtuza.

Asiyekuwa wa kwetu nimweleze. Kwetu mwimbaji akiwa jukwaani, huendi kumtuza ovyo. Unangoja ubeti wako. Ukifika ule unaosema yaliyo moyoni mwako, unainuka, unakwenda kwa madaha, unamtia kitu mkononi, na ukumbi mzima umekwisha kujua: maneno yale ni yako, umeyasema wewe kwa kinywa chake. Watu wameachana kwa ubeti. Watu wameposana kwa ubeti. Na ukishatuza, umetuza, huna kauli ya pili.

Hayo yote niliyajua toka mtoto. Lakini nilijiambia, hii si taarabu. Hizi ni nyimbo za Kizungu, hazina ubeti wa mtu. Kiingereza changu mimi ni cha kazini, cha dawa na chai na inua mguu, cha nyimbo sina. Hata sikumuuliza Sheikha anaimba nini bibi yake. Nilitoa noti kwenye pochi, nikainuka.

Mama akaniona. Nilimwona aliponiona. Jicho lilishtuka kidogo tu, kisha likatulia, na akanyanyua kidole kimoja kwa Mzee Mwadini. Piano ikarudi nyuma, na mama akaanza tena maneno aliyokuwa ameshayamaliza. Sikulijali hilo. Nilifika, nikamtia noti mkononi, nikamwinamia sikioni.

"Shuka, mama. Twende nyumbani."

Hakushuka. Akaishika noti, akainyanyua juu watu wote waione, na mkono wa pili akanishika mimi, kwa nguvu, kama alivyokuwa akinivusha barabara. Kisha akamgeukia Mzee Mwadini akamwimbia yale maneno mpaka mwisho.

Vigelegele! Sijapata kusikia vigelegele vile tangu nitoke kwetu. Bi Gaudensia kapanda juu ya kiti. Vibibi vimetoa leso. Watu wananyanyua simu, wanapiga picha. Na piano ikanyamaza. Mzee Mwadini kaiacha, mikono kaiweka mapajani, machozi yanamtoka hadharani bila kuyafuta.

"Umeinuka," akaniambia. "Mwanangu, umeinuka mwenyewe."

Nikamtazama Sheikha. Alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili.

Nilimvuta pembeni, kwenye meza ya chai. "Bibi yako aliimba nini?"

"Mum. Oh, Mum."

"Sema Kiswahili!"

"Anasema... nimesimama mlangoni kwako, mvua inanyesha, neno limebaki moja. Niambie ndiyo, nitundike kofia yangu hapa, nisiondoke tena." Akanishika mkono. "Na wewe ukaenda ukamtuza, Mum. Kwa ubeti huo."

Nilikaa kwenye kiti.

Mzee Mwadini akaja, kofia kaivua, kaishika mbele ya tumbo kama mtoto wa chuo cha Kurani mbele ya mwalimu.

"Shikamoo," nikasema, maana adabu haingoji hasira iishe.

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe, sina maneno. Nilimposa mama yako mara ya pili, mwaka huu. Akaniambia, siolewi kwa kujificha. Siku mwanangu ninayekaa naye atakapoinuka mbele za watu, siku hiyo ndiyo yangu, vinginevyo tutapiga nyimbo tu. Nikajua basi. Nimesikia habari zako. Wanasema wewe ni mkali."

"Wanasema?"

"Gaudensia anasema," akajibu, na kidogo atabasamu. "Mimi sikudai. Nilimwambia Zainab, hata nyimbo tu zinanitosha. Nimekaa na mke mwema mpaka alipofariki, sina ninachokilalamikia. Lakini kila nikifungua piano, pumzi ninayoisikia ni yake." Akaniangalia usoni. "Niambie kweli. Umeridhia?"

Mdomo niliufungua. Neno lilikuwa limeshafika mwisho wa ulimi: nilikuja kumshusha. Maneno mawili tu, nayaondoa yote. Lakini mzee wa watu kasimama mbele yangu, macho mekundu, tai imekaa upande, na mimi nikamnyooshea kikombe cha chai nikamwambia, "Kunywa, inapoa," kama ninavyowaambia wazee wa kazini.

Hasira yote niliiweka kwa ajili ya treni. Sheikha akajitia masikioni vile visikilizio vyake akahamia kiti cha mbele. Nikabaki na mama.

"Ulirudia ubeti," nikamwambia.

"Niliurudia."

"Makusudi!"

"Makusudi. Ulikuwa unakuja umekunja uso kama unakwenda kukamata kuku. Ningefanyaje? Mwimbaji akiona mtu anakuja, humpa ubeti. Nimekupa."

"Umenitega, mama, mbele ya watu! Mimi! Na supu nimekupikia!"

"Supu ilikuwa nzuri," akasema. "Gaudensia amesifu."

"Usinichekeshe. Miezi yote unaniongopea."

"Ningekwambia, ungesemaje?"

"Ningekataa!"

"Basi unauliza nini?"

Nikageukia dirisha. Nyumba za matofali zinapita, uwanja, maghala, nyumba tena. Nikaona hasira bora niiseme yote. "Una sukari. Una magoti. Baridi ikikupiga ni mimi ninayekesha. Huyo mzee akiumwa, nani atamwosha? Wewe? Au mimi, nirudi kazini kuosha wazee wa watu, nije kuosha na wako?"

Mama hakukasirika. Angekasirika ningepata nafuu.

"Yule bwana na yule bibi mnaowalea kazini kwenu," akasema, "wale Wazungu waliopendana juzi juzi, mnawaweka meza moja. Ulikuja kunisimulia, machozi yanakulenga. Ukasema, mama, kamshika mkono hamwachi. Ukaona ni kitu kizuri. Wale hawana magoti?"

Nikafungua pochi, nikaifunga.

"Mimi sikukutega, mwanangu. Nilikupa nafasi, ukaja nayo mwenyewe kwa miguu yako. Lakini kama hukukusudia, bado mapema. Mpigie Mwadini, mwambie ulikuja kunishusha. Sitakununia. Nitakaa kwako, nitachambua dengu, nitamngojea Sheikha aolewe. Baba yako alininyamazisha kwa sharti, nikatii, na alikuwa mume mwema, sitamsema. Wewe huna sharti. Wewe una simu tu."

Na simu ikalia. Nilijua ni nani kabla sijaitazama.

"Nimeletewa picha!" Ameir akapiga kelele mpaka abiria wa kiti cha pili akageuka. "Mama kasimama na gauni, na wewe unamtuza! Unamtuza! Watu wa Maskati nzima wameiona! Niambie umelazimishwa. Niambie hukujua maneno. Nitawaambia dada yangu hajui Kiingereza, basi, yatakwisha!"

Alikuwa amenipa njia. Nzuri, pana, ya kweli hata. Dada yangu hajui Kiingereza. Ningesema ndiyo, na Mzee Mwadini angerudi kwenye kupiga nyimbo tu.

Nikamtazama mama. Hakuniomba. Alikuwa kakaa wima, mikono mapajani, anavuta pumzi ndefu, anaizuia, kama nilivyomkuta siku ile dirishani. Hapo nikaelewa kumbe alikuwa akijifanyia mazoezi jikoni kwangu, na mimi nataka kumpigia daktari. Alikuwa akingoja aingie kwenye wimbo. Na mwenye kumpa nafasi ya kuingia, safari hii, ni mimi.

Mama huyu! Sijapata kuona mtu wa kuchosha kama mama huyu.

"Ameir," nikasema, "maneno niliyajua. Nimetuza kwa mkono wangu, mbele za watu, kwa ubeti huo huo. Nikah ni baada ya Sikukuu. Njoo, au usije, lakini ukija uje na udi mzuri, wa hapa hauna harufu."

Nikakata. Pumzi ya mama ikatoka, taratibu, mpaka mwisho. Aliniegemea begani, mzito, na mtandio wake ukaniingia puani, na sikumsogeza.

Sasa wewe unayesoma, hasa wewe mwenye mama mzima nyumbani, nakuandikia ili yasikukute. Epuka haya:

Kupika supu ya mgonjwa ambaye hujamwona kwa macho yako.

Kumfuata mama yako kwa treni, badala ya kumuuliza mezani mkiwa wawili.

Kubeba aibu ya ndugu aliye mbali, akakutuma kwa simu.

Kudhani aliyeacha kitu amekisahau.

Kumtuza mtu kwa wimbo usiojua maneno yake, hata uwe wa Kizungu.

Kwenda kutuza na hasira.

Kushindana na mwimbaji akiwa jukwaani pake.

Na kama umeshatuza, epuka kusema hukutuza.